GRE au GMAT, kama uwezekano na takwimu ndivyo vinavyokutoa jasho

Kuna ujumbe unaoingia kwenye simu yangu kila mwaka kuanzia Julai, watu wanapoanza kujaza fomu za vyuo vya nje: "Kaka, nifanye GRE au GMAT? Hesabu nyingine nazimudu, ila probabiliti na takwimu zinanichanganya." Anayeuliza kwa kawaida ni mtu mwenye kazi yake, aliyeachana na hesabu zamani, na anayetaka kulipa ada mara moja tu. Ni mitihani ya kuombea masomo ya uzamili, na ada yenyewe inapita dola 200 kwa mtihani wowote kati ya hiyo miwili, kwa hiyo hapa si pa kubahatisha.

Kwanza hakikisha una cha kuchagua. GRE inaendeshwa na ETS, shirika la mitihani la Marekani, na inapokelewa na idara za fani nyingi: uchumi, sera, uhandisi, afya ya jamii, na siku hizi shule nyingi za biashara pia. GMAT, iliyo chini ya shirika liitwalo GMAC, imetengenezwa kwa ajili ya shule za biashara. Ukiomba uzamili wa uchumi au wa takwimu zenyewe, mjadala umeishia hapo: ni GRE. Tena pitia kwanza ukurasa wa idara yako, maana tangu 2020 idara nyingi zimeufuta mtihani huo au zimeufanya wa hiari, na ni uchungu kukesha miezi mitatu kwa alama ambazo hakuna atakayezitazama. Wanaobaki na uamuzi wa kweli ni waombaji wa MBA (uzamili wa biashara) na wa shahada za fedha au menejimenti. Hao ndio ninaowaandikia.

Tenga moja la machungwa, mitihani miwili

Mada zenyewe karibu zote ni zilezile: wastani, mediani, modi, mkengeuko sanifu (kipimo cha namba zilivyotawanyika), kuhesabu njia za kupanga na kuchagua (pamutesheni na kombinesheni), uwezekano wa tukio moja au mawili, kusoma grafu na majedwali. Ndiyo maana ushauri wa "soma tu takwimu, mitihani inafanana" unasikika kama una akili. Tatizo ni namna mada hizo zinavyoulizwa. Nitatumia mfano wangu mwenyewe.

Tenga lina machungwa mabivu na mabichi tu. Ukichomoa moja bila kutazama, uwezekano wa kupata bivu ni kiasi gani? Kauli ya kwanza: mabivu yamezidi mabichi kwa 12. Kauli ya pili: mabivu kwa mabichi ni 5 kwa 3.

Katika GMAT swali la namna hii halitaki jibu la hesabu. Linataka useme ni kauli ipi inatosha kulipata jibu. Kauli ya kwanza peke yake haitoshi: yanaweza kuwa mabivu 13 na bichi 1, au mabivu 112 na mabichi 100, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Kauli ya pili inatosha: ni 5/8, tenga liwe dogo au kubwa. Umemaliza.

Sasa badilisha neno moja tu. Badala ya kuchomoa moja, unachomoa mawili bila kurudisha, na unataka yote yawe mabivu. Kauli ya pili, iliyokuwa mfalme, imeanguka. Tenga likiwa na machungwa 8 jibu ni 5/14. Likiwa na 48 jibu ni jingine, kwa sababu ukitoa chungwa moja kwenye tenga dogo unalipunguza sana, na kwenye tenga kubwa hata halistuki. Zikiunganishwa kauli mbili: tofauti ya sehemu mbili ni 12, kila sehemu ni 6, basi mabivu 30 na mabichi 18. Zinatosha kwa pamoja. Hapo ndipo unapoweka kalamu chini. Anayeendelea kuzidisha 30/48 kwa 29/47 amefanya kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

GRE ingelichukua tenga hilohilo na kukupa idadi kabisa: mabivu 30, mabichi 18, unachomoa mawili. Kiasi A ni uwezekano wa kupata mabivu mawili. Kiasi B ni uwezekano wa kupata bivu moja na bichi moja. Kipi kikubwa? Wengi wanajibu A papo hapo, kwa kuwa mabivu ndiyo mengi. Lakini bivu na bichi zinaweza kuja kwa mpangilio wowote, bivu kwanza au bichi kwanza, kwa hiyo unalinganisha 30 × 29 na 2 × 30 × 18. Futa 30 pande zote: 29 dhidi ya 36. B ndiyo kubwa, na hukuhitaji kikokotoo.

Kwa uzoefu wangu tofauti yote ya mitihani hii kwenye mada hizi imo ndani ya tenga hilo. GMAT inauliza: unahitaji kujua nini ili uweze kujibu? GRE inauliza: unakijua kitu chenyewe sawasawa, na unakijua upesi?

GRE: upana, na kasi

Tangu Septemba 2023 GRE imefupishwa kuwa chini kidogo ya saa mbili. Sehemu za hesabu ni mbili: maswali 12 kwa dakika 21, kisha maswali 15 kwa dakika 26. Ukigawanya, kila swali lina takriban dakika moja na sekunde 45. Ugumu wa sehemu ya pili unategemea ulivyofanya ya kwanza, kwa hiyo kuzama kwenye swali moja la kombinesheni ndani ya yale 12 ya mwanzo ni hasara maradufu.

Orodha ya takwimu ya GRE ni ndefu. Kuna kwataili na pasentaili (namba zinazogawa data katika robo na katika sehemu mia), kuna mchoro wa kisanduku, kuna mtawanyiko wa kawaida, ule mchoro wenye umbo la kengele. Habari njema ni kwamba haichimbi sana. Kwa kengele, ukijua kuwa kutoka wastani hadi mkengeuko sanifu mmoja upande mmoja kuna takriban asilimia 34, hadi wa pili kuna kama 14 nyingine, na mkia unabaki na kama 2, umebeba karibu kila utakachoulizwa. Wastani wa alama ni 62 na mkengeuko ni 8. Waliopata kati ya 70 na 78 ni asilimia ngapi hivi? Ni 14. Swali la sekunde ishirini kwa anayejua, na la dakika tatu za kuhangaika kwa asiyejua.

Mkengeuko sanifu nao, ambao shuleni tulikokotoa kwa jedwali la safu tano mpaka vidole vikafa ganzi, hapa kwa kawaida unatazamwa kwa macho tu. Kundi moja ni 10, 20, 30, 40, 50. Jingine ni 28, 29, 30, 31, 32. Wastani ni uleule, 30, lakini la kwanza limetawanyika zaidi, basi mkengeuko wake ni mkubwa. Ongeza 7 kwa kila namba: mkengeuko haubadiliki. Zidisha kila namba kwa 2: unakuwa maradufu. Anayejua mambo hayo matatu anamshinda aliyekariri fomula bila kuielewa.

Kinachouma kwenye GRE ni maswali ya kuchagua yote yaliyo sahihi. Mfano: uwezekano wa tukio la kwanza ni 0.6, wa la pili ni 0.5. Uwezekano wa yote mawili kutokea pamoja unaweza kuwa upi kati ya hizi: 0.05, 0.1, 0.3, 0.5, 0.55? Mwanafunzi wa kawaida anazidisha, anapata 0.3, anaweka tiki, anasonga mbele akitabasamu. Lakini hakuna aliyesema matukio hayategemeani. Pamoja hayawezi kupita 0.5, yaani lile dogo, na hayawezi kushuka chini ya 0.1, kwa sababu 0.6 na 0.5 zikijumlishwa zinapita 1 kwa 0.1, na hiyo ziada lazima ipishane. Majibu ni 0.1, 0.3 na 0.5. Ukikosa moja umekosa swali zima. Hakuna nusu alama.

Faraja yake ni kwamba ndani ya sehemu moja unaweza kuruka swali, ukaliwekea alama, ukarudi baadaye. Kwa mtu anayeogopa uwezekano, uhuru huo una thamani kubwa kuliko fomula yoyote. Unavuna kwanza maswali ya aljebra na asilimia, kisha unarudi kwa mashetani yako ukiwa na dakika zilizobaki. Ukikosea hukatwi alama, kwa hiyo usiache kisanduku kitupu.

GMAT: orodha fupi, meno makali

GMAT ya sasa ina sehemu tatu, kila moja dakika 45. Sehemu ya hesabu ina maswali 21, na jiometri imeondolewa. Hiyo ni zawadi kwa wengi, ila fikiria maana yake: nafasi iliyoachwa na pembetatu na duara imebaki kwa hesabu za namba na aljebra, na humo ndimo kombinesheni na uwezekano vinamoishi. Tena sehemu hiyo haina kikokotoo.

Bila kikokotoo, ustadi wa sehemu ndio unaokuokoa. Kamati ya watu watatu inachaguliwa kutoka wanawake 5 na wanaume 4. Uwezekano wa kuwa na angalau mwanamume mmoja? Ukianza kuorodhesha, mwanamume mmoja, wawili, watatu, umejichimbia. Geuza swali: kamati ya wanawake watupu ni 5/9 × 4/8 × 3/7. Futa kabla ya kuzidisha, unabaki na 5/42. Toa kwenye 1, unapata 37/42. Neno "angalau" likionekana kwenye swali la uwezekano, mkono wako uende kwenye 1 kutoa kitu bila hata kufikiri.

Sehemu nyingine inaitwa Data Insights, maswali 20, na humu kikokotoo kipo. Ndimo yalimo maswali ya kauli zinazotosha, pamoja na majedwali unayoweza kuyapanga upya kwa kubofya kichwa cha safu, grafu zenye sentensi za kukamilisha, na mafaili mawili matatu ya barua pepe na takwimu ambayo lazima uyasome kwa pamoja. Ukiniuliza mimi, mzigo wa humu ni kusoma Kiingereza cha ofisini kwa kasi bila kupoteza namba, kuliko hesabu zenyewe. Swali likiwa na vipengele vitatu vya ndiyo au hapana, lazima upate vyote vitatu.

Na hili ndilo linalopaswa kuamua kwa wengi: alama ya jumla ya GMAT, kati ya 205 na 805, inatoka sehemu zote tatu kwa uzito sawa. Majedwali na grafu, pamoja na mtego wa "inatosha, haitoshi", ni theluthi nzima ya alama yako. Katika GRE alama za hesabu zinasimama peke yake, kati ya 130 na 170, na takwimu ni moja kati ya mada nne ndani yake. Anayekimbia takwimu ana pa kujificha kidogo kwenye GRE. Kwenye GMAT hana.

Kuruka swali nako hakupo. Unajibu kwanza ndipo unapita. Ukimaliza sehemu muda ukiwa umebaki, unaweza kurudi na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu. Mtihani unajipanga swali kwa swali kulingana na unavyojibu, na kuishiwa muda maswali yakiwa hayajajibiwa kunakugharimu. Kwa hiyo kombinesheni ngumu ikikuangukia kwenye swali la nne, unatakiwa uwe na roho ngumu ya kubahatisha na kuiacha. Wengi hawana. Mimi sina.

Ulikotoka shuleni

Hili halitajwi kwenye miongozo ya Wamarekani, lakini kwetu lina uzito. Aliyemaliza kidato cha nne Tanzania kwa utaratibu tuliousoma sisi alifanya Basic Mathematics kwa majedwali ya NECTA (baraza la mitihani), bila kikokotoo. Tuliona ni mateso. Kumbe ilikuwa matayarisho ya GMAT: mkono unaojua kufuta sehemu haufi, unalala tu, na wiki mbili zinatosha kuuamsha. Mwenzetu wa Kenya aliyefanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, aliruhusiwa kikokotoo, na mara nyingi huona kikokotoo cha kwenye skrini ya GRE ni rafiki wa siku nyingi.

Kisha kuna tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita Tanzania. Aliyepita HGL au HKL (historia na lugha, bila hesabu) aliachana na hesabu kidato cha nne, na kengele ya mtawanyiko wa kawaida hajawahi kuiona. GRE itamdai ajifunze orodha ndefu kuanzia mwanzo. Aliyepita PCB (sayansi yenye baiolojia) au HGE (historia, jiografia na uchumi) alipita kwenye BAM, somo la hesabu la Basic Applied Mathematics, ambamo takwimu na uwezekano vimo, na kwake GRE ni kufukua. Wa EGM na PCM, waliosoma hesabu za juu, wasinisikilize sana, wachague kwa sababu nyingine.

Mhasibu au mkaguzi wa hesabu ni kundi la peke yake. Mtu anayeshinda kutwa akitazama jedwali na kuuliza "hii namba imetoka wapi, na inatosha kuthibitisha nini?" tayari anafikiri kwa lugha ya Data Insights. Nimeona wahasibu waliolalamika kwamba hesabu zimewaacha wakiitelezea sehemu hiyo kama samli.

Namna ya kujiandaa inavyotofautiana

Usianze kwa kulipia tuisheni. Niliwahi kulipia moja ya mtandaoni. Siku ya kwanza nikatumiwa karatasi ya fomula sitini za pamutesheni na kombinesheni, nikazikariri kwa wiki mbili, na kwenye chumba cha mtihani nikatumia tatu. ETS inatoa bure kitini cha kupitia hesabu zote za GRE, pamoja na mitihani miwili kamili ya majaribio. GMAC nayo inatoa miwili bure ukijiandikisha. Fanya mmoja wa kila upande kabla hujalipa chochote.

Ukienda GRE, wiki za mwanzo ziwe za maana ya maneno. Mediani ya namba sita ni ipi? Upana wa kwataili unapuuza nini? Andika kila neno na mfano wa namba tano sita ulizozitunga mwenyewe. Kisha kimbiza saa: maswali 12, dakika 21, mara kwa mara, hadi kuruka swali kuache kukuuma.

Ukienda GMAT, kila asubuhi fanya sehemu kwa mkono, kumi tu, ukiwa unasubiri chai. Jioni chukua maswali matano ya kauli mbili na ujikataze kutafuta jibu: andika "inatosha" au "haitoshi" na sababu kwa sentensi moja. Mwanzoni utajisikia kama unadanganya. Ndiyo mazoezi yenyewe.

Kwa mtihani wowote, weka daftari la makosa, na usiandike "probabiliti" kama jina la kosa. Andika kosa halisi: nilisahau mpangilio, nilidhani hayategemeani, sikuona "angalau", nilihesabu mtu mmoja mara mbili. Baada ya maswali hamsini utagundua unarudia makosa mawili au matatu tu.

Jambo moja dogo la vitendo. Mitihani yote miwili inaweza kufanyiwa nyumbani. Kwenye GRE ya nyumbani huruhusiwi karatasi ya kawaida. Unatumia ubao mdogo mweupe au karatasi iliyowekwa ndani ya plastiki angavu, na kalamu inayofutika. Mchoro wa matawi wa uwezekano ukiuchora kwa kalamu nene kwenye ubao mdogo unajaa baada ya matawi manane, kwa hiyo ufanyie mazoezi hukohuko. Na kama mtaani kwenu umeme una tabia zake, nauli ya kwenda kituoni ni bima nzuri.

Mimi ningemwambia nani nini

Anayeomba MBA pamoja na shahada nyingine nje ya biashara: GRE, bila kusita. Anayeomba MBA tu lakini akiona kombinesheni anaganda: GRE, kwa sababu ya ule uhuru wa kuruka. Aliyesahau jiometri kabisa lakini sehemu na asilimia ziko damuni, na anasoma majedwali kazini kila siku: GMAT. Ambaye Kiingereza chake cha kusoma kwa kasi hakijatulia, aiogope Data Insights kuliko anavyoogopa uwezekano. Ingawa GRE nayo ina msamiati wake mgumu kwenye sehemu ya lugha, kwa hiyo asidhani anakimbilia peponi.

Ukiwa bado umekwama, rudi kwenye tenga. Mpe rafiki yako maswali yale matatu, na wewe uyafanye leo usiku bila kusoma tena maelezo yangu, dakika mbili kila moja. Ukikosea lile la A na B kwa kusahau mpangilio, una kosa la maarifa, na maarifa yanasomeka kwa wiki chache, GRE itakufaa. Ukipata hilo, lakini kwenye kauli mbili ukajikuta umezidisha 30/48 kwa 29/47 mpaka mwisho ingawa nimekukataza, hiyo ni tabia, na tabia huchukua muda mrefu zaidi kuiacha. Lipia GRE.

Ukiyapata yote matatu na dakika zimebaki, chukua GMAT.